Kaharabu ya bandia darasani: jelatini ilioza, tutumie nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa mwaka wa tano wa shule ya msingi hapa Goma, kartiye Himbi. Niliona picha za watoto wakitengeneza yale mawe ya njano yenye mdudu ndani, nikajaribu na wanafunzi wangu 54 kwa jelatini ya unga na rangi ya chakula. Siku ya kwanza yalipendeza ajabu. Siku ya nne yakaota ukungu na kunuka, na Jumatatu iliyofuata nilikuta sisimizi wamepanga mstari mpaka ndani ya kabati. Rafiki yangu fundi wa meza ananishauri ninunue rezini ya kuchanganya na kigumishi. Inafaa kwa watoto? Na kuna mtoto aliniuliza kama mawe hayo yanapatikana Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Nilinyamaza, na bado ananidai jibu.

JIBU: Mama Mwalimu, nikupe kwanza lile unalolihitaji kabla ya kengele ya kesho. Rezini ya fundi meza isiguswe na mtoto yeyote, hata mwenye glavu. Tumia gundi nyeupe, ile ya maseremala au ile angavu ya shule, uimimine kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Na Nyiragongo hakuna mawe hayo; nitarudi huko, kwa sababu mtoto huyo ameuliza swali kubwa kuliko alivyodhani.

Mawe hayo Kiswahili kinayaita kaharabu. Usikubali mtu akuambie ni ambari. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na huishia kwenye chupa za manukato; Wafaransa walizichanganya hizo mbili tangu zamani, ndiyo maana mpaka leo wana ambari yao ya kijivu na ya njano. Kaharabu ilitufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, na maana yake ni mnyakuzi wa majani makavu. Ukiisugua kwa kitambaa cha sufu, inavuta vipande vya majani na karatasi. Waarabu wakalichukua neno hilohilo wakalifanya jina la umeme. Wagiriki nao waliita jiwe hilo elektron, na Wazungu wakapata humo jina lao la umeme. Kwa hiyo kila jioni mtaa unapouliza kama umeme umerudi, ukiwauliza Waarabu watakutajia kaharabu. Wanafunzi wangu walilipenda hilo kuliko mdudu mwenyewe.

Si jiwe, hata hivyo. Ni ulimbo wa mti. Na hapa neno letu la utomvu linatuponza, kwa sababu tunalitumia kwa kila kitu kinachotiririka kwenye mti. Kuna maji ya mti yanayopanda na kushuka yakibeba chakula. Kuna gundi, kama ile inayotoka kwenye mgunga au mgrevilea ukijeruhiwa. Na kuna ulimbo wenyewe, ule wa msonobari, wa siprè, wa msandarusi, unaonata, unaonuka vizuri na kukataa kutoka mkononi kwa sabuni. Ni huu wa tatu tu unaoweza kuwa kaharabu. Watoto wanaweza kuthibitisha bila kifaa chochote: watafute tone kavu la gundi na tone kavu la ulimbo, waliokote pale mti ulipokwisha kukatwa, wasichubue mti mzima, kisha kila moja waliache usiku kucha ndani ya glasi ya maji. Asubuhi gundi itakuwa imevimba au imeyeyuka. Ulimbo utakuwa vilevile. Kitu kinachoyeyuka kwenye mvua ya siku moja hakiwezi kungoja miaka milioni arobaini.

Wale waliokulia kijijini na kutega ndege kwa ulimbo wanaelewa mara moja mdudu aliingiaje. Mti unajeruhiwa, unatoa ulimbo kuziba kidonda na kuwafukuza wadudu waharibifu. Inzi anatua, ananata, ulimbo mwingine unatiririka juu yake. Kisha kinachonuka kwenye ulimbo, zile chembe nyepesi, kinapeperuka hewani, na kinachobaki kinaanza kushikana chembe kwa chembe mpaka kuwa kitu kimoja kigumu. Mti unaanguka, maji yanaubeba, tope linaufukia mahali pasipo hewa, na muda unafanya yaliyobaki. Kaharabu ya pwani za bahari ya Baltiki ina miaka kama milioni 34 hadi 48. Ya Jamhuri ya Dominika ni changa, milioni 15 hadi 20. Ya Myanmar ina kama milioni 99, na humo mwaka 2016 wataalamu walitangaza kipande cha mkia wa dinosau mdogo, na manyoya yake.

Ulimbo ambao haujazeeka vya kutosha tunauita sandarusi, au kopali. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani yetu ya Kiswahili ilichimbwa mchangani, ikapitia Unguja na kwenda mpaka Salem, Marekani, kutengenezea vanishi ya fanicha na magari ya farasi. Kongo nayo ilikuwa na ya kwake: wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, watu wa misitu ya kinamasi ya mkoa wa Équateur, upande wa Mbandaka, walikusanya kopali kwa wingi, ikasafirishwa Ulaya kwa kazi hiyohiyo. Kama kuna mzee mtaani kwenu aliyezaliwa huko, mwalike darasani kabla hujanunua chochote.

Sasa jelatini yako. Hukukosea kupika, Mama Mwalimu. Ulichagua kitu kinachofanana na kaharabu kwa rangi na kupingana nayo kwa kila kitu kingine. Jelatini ya kula ni maji kwa sehemu kubwa sana, na iliyobaki ni protini, tena mara nyingi imetiwa sukari. Hicho ni chakula cha ukungu na bakteria, na katikati yake ukaweka mdudu mwenye maji yake mwenyewe tumboni. Ulimbo una kinyume chake: hauna maji, hauliki, na baadhi ya vitu vilivyomo huzuia vijidudu. Ndiyo sababu mdudu wa Baltiki bado ana nywele za miguu na yako ilinuka siku ya nne. Ukiniuliza mimi, hicho kikombe kilichooza ni nusu ya somo. Kilichokosekana ni nusu ya pili tu, kitu cha kukilinganisha nacho.

Gundi nyeupe ndiyo nusu hiyo, na ninaichagua si kwa sababu ni bei rahisi tu. Inakauka kwa kupoteza kitu, kama ulimbo unavyokauka. Tofauti ni kwamba yenyewe inapoteza maji, ulimbo unapoteza harufu. Inashuka kimo, na mtoto anaweza kupima. Na inataka kumiminwa tabaka kwa tabaka, ambavyo ndivyo kaharabu nyingi zenye wadudu zilivyotokea: mtiririko mmoja leo, mwingine kesho kutwa, mdudu kabanwa katikati.

Nunua kwanza chupa moja ndogo uijaribu nyumbani. Dondosha tone juu ya kifuniko cha plastiki jioni, ulitazame kesho kutwa. Gundi nyingine za seremala zinabaki na rangi ya maziwa hata zikikauka. Hilo lisikuvunje moyo, kwani kaharabu ya Baltiki nayo mara nyingi ina wingu jeupe ndani, linalotokana na mapovu madogo sana ya hewa. Ila kama unataka mdudu aonekane vizuri, tafuta ile angavu. Kitu kimoja nikuombe: usidanganyike na gundi ya njano ya mafundi wa viatu. Rangi yake ni kaharabu kamili, hata mimi ingenidanganya kwa macho, lakini mvuke wake ni sumu, unalevya, na unashika moto haraka. Isiingie darasani.

Kwa vyombo, vifuniko vya chupa za maji vinatosha. Gundi hii haishikani na plastiki ya namna hiyo, inabanduka yenyewe ikikauka. Kifuniko kimoja kinachukua karibu kijiko kimoja na nusu cha chai. Kwa watoto 54 hiyo ni chini kidogo ya nusu lita ukijaza mara moja, lakini kumbuka karibu nusu ya gundi ni maji yatakayoondoka. Ukitaka vifuniko vijae mwishoni, hesabu karibu lita moja. Mimi nisingejaza. Nusu kifuniko inatosha, inakauka haraka na inapitisha mwanga.

Rangi ni chai. Chemsha majani ya chai kwenye maji machache mpaka yawe meusi, chuja, acha yapoe, halafu tia matone machache tu kwenye kikombe cha gundi. Ukizidisha, gundi inakuwa nyepesi na hutaiona ikikauka kabla ya likizo. Manjano ya jikoni yanaleta rangi nzuri, ila unga wake unatuama chini. Koroga polepole kwa kijiti, usipige kama mayai, kisha acha kikombe kitulie saa moja ili mapovu yapande. Yatakayobaki utayatoboa kwa sindano.

Mimina tabaka ya kwanza isiyozidi milimita mbili au tatu. Hapa ndipo walimu wengi wanakosa subira: wanamimina yote kwa mara moja, juu inaganda kama ngozi ya maziwa, chini inabaki maji wiki mbili. Ikianza kushika, kama baada ya saa kadhaa, mtoto anaweka mdudu wake juu. Kesho yake, au kesho kutwa kama mvua inanyesha, tabaka nyingine. Kwa hali ya hewa ya Goma, yenye ubaridi na unyevu, mimi ningepanga wiki moja na nusu, na nisingeharakisha kwa jiko la makala. Joto linaleta mapovu, na moshi wa makala ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kuliko kazi yote hii. Dirishani penye jua la asubuhi panatosha. Kila siku mtoto achore kwa kalamu, ubavuni mwa kifuniko, mahali gundi ilipofikia. Ile mistari inayoshuka ni daftari lake.

Kuhusu mdudu, tusiue. Waambie watoto waokote waliokufa: chini ya taa, kwenye pembe za dirisha, kwenye utando wa buibui ulioachwa. Baada ya mvua za kumbikumbi kuna mabawa mlangoni pa kila nyumba, na bawa la kumbikumbi ndani ya tabaka mbili za gundi ni kitu kizuri ajabu. Isitoshe mchwa wenye mabawa ni wakazi wa kawaida wa kaharabu halisi. Wakaushe kwanza wiki nzima kati ya karatasi, mahali pakavu. Mdudu mbichi atarudisha ile harufu unayoijua. Kabla ya kumlaza, mchovye kwenye gundi iliyochanganywa na maji kidogo ili hewa iliyojificha kwenye miguu na mabawa itoke, la sivyo atavaa koti la mapovu.

Na wawe wadogo. Mtoto atakuletea panzi wa urefu wa kidole, na mwingine dinosau wa plastiki. Usiwakataze, waulize: huyu angenata kwenye tone la ulimbo, au angejivuta akaenda zake? Kaharabu haikuhifadhi msitu wote. Ilihifadhi wale waliokuwa wadogo, dhaifu, na waliokaa karibu na magome ya miti. Inzi na mbu wadogo ndio wengi. Nyoka, ndege, mijusi ni bahati ya nadra. Anayesoma msitu wa kale kwa kaharabu peke yake ni kama mtu anayetaka kuijua Goma kwa waliomo ndani ya basi moja.

Ikikauka kabisa ibandue. Ikishika maji italainika tena, kwa hiyo mwalimu, nje ya darasa, anaweza kuipaka verni ya kucha isiyo na rangi. Inaleta mng'ao na kuikinga jasho la mikono.

Sasa niseme kwa nini ninaikataa ile rezini. Ile ya chupa mbili, ya meza, ikiwa haijaganda huingia kwenye ngozi na kuweza kuufundisha mwili mzio. Mtu akishapata mzio huo mara moja, mara nyingi anabaki nao maisha yake yote, na safari nyingine hata mguso mdogo unamtoa upele. Ikichanganywa kwa wingi kwenye chombo kirefu inajipasha moto yenyewe, inaweza kutoa moshi. Kipimo kikikosewa kidogo inabaki inanata milele. Ile nyingine ya kutengenezea mitumbwi na matangi ya faiba ni mbaya zaidi: harufu yake inajaza nyumba, na kigumishi chake kikirukia jicho kinaweza kulipofusha. Kama shule inataka kipande kimoja cha kudumu cha kuonyesha, fundi rafiki yako akimimine kwenye karakana yake, wewe umpelekee bawa la kumbikumbi, mkichukue baada ya wiki kikiwa kigumu kabisa. Watoto wasikipige msasa. Vumbi lake nalo si zuri.

Sukari nimeijaribu pia, nikaiacha. Ile pipi ya kuchemsha inaonekana kama kaharabu kuliko kitu kingine chochote, angavu, yenye rangi ya asali. Lakini lazima ifike karibu nyuzijoto 150, na sukari ya joto hilo ikidondokea mkono wa mtoto inang'ang'ania huku ikiunguza. Vitabu vya mapishi vinataja joto la usawa wa bahari. Sisi hapa juu, kwenye mita karibu 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, kwa hiyo ukifuata kitabu neno kwa neno unaunguza sufuria. Niliunguza mbili. Ya tatu ilitoka vizuri, nikaweka ndani sisimizi mmoja mkavu, nikaiacha juu ya meza. Asubuhi ndugu zake walikuwa wamekuja kumchukua, wamekula jiwe lote upande mmoja.

Kabla hatujaenda mlimani, pita kwa fundi wa redio. Wengi wana kipande cha kolofani wanachotumia wanapochomelea nyaya, chenye rangi ya chai na kinachovunjika kama kioo. Huo ni ulimbo halisi wa msonobari uliotolewa mafuta yake. Usiuyeyushe, moshi wake unaumiza mapafu, lakini ukiwa baridi ni mwalimu mzuri. Utie kwenye glasi ya maji: unazama. Kwenye glasi nyingine koroga chumvi vijiko vikubwa vinne, au mpaka chumvi ikatae kuyeyuka, utie humo: unaelea. Kaharabu inafanya hivyohivyo: imeyazidi maji kwa uzito kidogo tu, na ndiyo maana mawimbi huibeba kirahisi na watu wa Baltiki huiokota ufukweni baada ya dhoruba.

Nyiragongo, basi. Lava yake inatoka ikiwa na joto lililo juu ya nyuzi 1,000. Kaharabu haifiki hata nyuzi 400 kabla haijaharibika, na inaungua kama ubani. Kwa hiyo hakuna mwamba wa moto unaoweza kuzaa kaharabu. Inatafutwa kwenye mawe ya mashapo, yale yaliyokuwa tope na mchanga chini ya maziwa, mito na bahari. Visukuku vya mkoa wetu, yaani mabaki ya viumbe wa kale, navyo viko huko: Jean de Heinzelin, mtaalamu wa miamba wa Kibelgiji, alipochimba Ishango mwaka 1950, kule mto Semliki unapotoka Ziwa Edouard, alichimba kwenye mashapo ya kando ya maji, akapata mifupa na chusa za wavuvi wa kale.

Lakini usimwache mtoto na hapana tupu, maana mlima wake una kitu ambacho watoto wa Baltiki hawana. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, inakimbia kama maji. Inapozunguka mti, inaganda kwenye shina kabla mti haujaungua, kisha mti unaungua na kuacha tundu lenye umbo lake. Matundu hayo yapo kwenye njia za lava. Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lilipomwagika lote kwa muda usiofika saa moja, liliwakuta hata tembo porini, na miili yao ikaacha matundu yaleyale. Watoto waliozaliwa juu ya lava ya 2002, na ambao walikimbia Mei 2021 wakiwa wadogo, wanaweza kuzungumza jambo hili kwa uzito. Wewe utajua nani wa kuulizwa na nani wa kuachwa atulie.

Mlima uliacha umbo, mwili ukapotea. Ulimbo, tunasema, ulihifadhi mwili. Wakishaelewa hilo, waongezee kwamba wadudu wengi wa kaharabu wakipasuliwa ndani ni watupu, kimebaki kigamba chembamba kilichobanwa ukutani mwa tundu lao. Tembo wa Nyiragongo na inzi wa Baltiki hawako mbali kama tulivyodhani.

Lazima mtu atauliza kama tunaweza kumfufua dinosau kutoka kwa mbu, kwa sababu filamu ile ya Jurassic Park imefika kila mahali penye televisheni. Jibu: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichukua nyuki waliomo ndani ya kopali ya Kolombia, mmoja wa miaka kama 60 tu na mwingine wa kama 10,600, wakatafuta maandishi ya urithi wao, ile DNA. Hawakupata ya kutegemewa hata kwa yule wa miaka 60. Mdudu anaonekana mzima machoni, lakini maandishi yake yamefutika. Na huyo alikuwa wa juzi, si wa milioni 99.

La mwisho ni lebo, na hili silifanyii mzaha. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalipata mwaka 1922 kipande cha kaharabu ya Baltiki chenye inzi. Mtaalamu mkubwa wa inzi, Willi Hennig, aliandika juu yake mwaka 1966, na inzi akashangaza watu: alikuwa hana tofauti na inzi wa chooni wa siku hizi, kana kwamba hakubadilika kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross alikuwa anakitazama kwa hadubini, joto la taa likafungua ufa mdogo, naye akaona: mtu alikuwa amekata kaharabu halisi vipande viwili, akachimba shimo, akamweka inzi wa chooni, akagundisha. Waliokitazama kabla yake hawakuona kitu. Kwa hiyo chini ya kila kifuniko kiandikwe: kaharabu ya bandia, gundi na chai, jina la mtoto, mdudu aliokotwa wapi, tarehe. Ukitaka kuwafurahisha, wape nafasi wajaribu kudanganyana kwanza, kila kikundi kitengeneze moja kwa tabaka na moja kwa kuchimba na kuziba, wengine watafute ufa kwa tochi ya simu.

Kuhusu kabati, lifute kwa sabuni na siki, sisimizi wanapoteza njia. Vikombe vya jelatini vitupe vyote isipokuwa kimoja. Hicho kitie ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, usikifungue tena, kiweke dirishani karibu na vifuniko vya gundi, na watoto wachore vyote viwili kila Ijumaa. Baada ya wiki tatu uzike uani chupa na vilivyomo, kwa glavu.